"Hajakohoa" si kipimo: mpira wa kulishia unapoleta shida kwa mgonjwa aliyeumia ubongo

Katika wodi za majeruhi na za kiharusi kuna maneno yanayozunguka kitanda hadi kitanda: "Si umeona hajakohoa? Basi mpira umeingia vizuri." Husemwa na ndugu, na mwisho wa zamu ndefu husemwa hata na mhudumu. Kwa mtu mwenye fahamu zake maneno hayo yana ukweli kiasi, kwani mpira ukimgusa njia ya hewa atakohoa mpaka machozi yamtoke. Kwa aliyeumia vibaya ubongo hayana maana yoyote. Kikohozi chake huenda kimedhoofika au kimepotea kabisa.

Wapo wanaoamini kwamba mpira ukishawekwa, mgonjwa hawezi tena kupaliwa. Wapo wanaoamini kwamba mpira wenyewe ndio unaoua, na wanaukataa kabisa. Kati ya imani hizo mbili amelala mtu asiyeweza kukohoa, kulalamika wala kunyoosha kidole panapouma, na ndiyo maana matatizo ya mpira kwake hugunduliwa kwa njia tofauti na kwa mgonjwa mwingine. Njia hizo si siri ya madaktari. Nyingi zinafanywa na yeyote anayekaa kando ya kitanda, mradi ajue anatafuta nini.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kina cha kupoteza fahamu hupimwa kwa kipimo cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Huangaliwa mambo matatu: macho yanafunguka kwa kichocheo gani, mgonjwa anatamka nini, na viungo vyake vinasogea vipi. Alama ya juu ni 15 na ya chini ni 3. Aliyeumia kichwa akapata 8 au pungufu huhesabiwa kuwa na jeraha kali la ubongo. Wengine hufikia hali kama hiyo kwa kiharusi kikubwa, kwa moyo kusimama na ubongo kukosa oksijeni, au kwa homa ya uti wa mgongo. Kwa suala letu njia aliyofikia haibadilishi mengi.

Mpira wa kulishia nao ni wa aina mbili kuu. Wa kwanza hupitishwa puani, wakati mwingine mdomoni, ukashuka kooni hadi tumboni. Huo ni wa siku au wiki chache. Ikionekana mgonjwa atauhitaji zaidi ya wiki nne hadi sita, madaktari huanza kuzungumzia wa pili, unaoingia moja kwa moja tumboni kupitia tundu dogo kwenye ngozi. Njia ya kuuweka kwa kutumia kamera inayoshushwa kooni, bila kumpasua mgonjwa tumbo, ilianzia Cleveland, Marekani, mwaka 1979, kwa Michael Gauderer na Jeffrey Ponsky. Kabla ya hapo ilibidi upasuaji kamili.

Sasa koo. Chakula na hewa hupita mahali pamoja kabla ya kuachana: hewa inashika njia ya mbele kwenda mapafuni, chakula kinashika ya nyuma kwenda tumboni. Ni njia panda yenye askari wa trafiki, na askari huyo ni ubongo. Kila unapomeza hufunga njia ya hewa kwa muda mfupi sana na kufungua ya chakula, na kitu kikikosea njia hukirudisha kwa kikohozi. Ubongo ukiumia, askari hayupo kazini lakini magari hayaachi kuja. Mate peke yake ni kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yanateleza yanakotaka, na hakuna kelele inayopigwa. Huko ndiko kupaliwa kimyakimya.

Mpira nao, unaposukumwa kupitia njia panda hiyo, unaweza kushika njia ya mbele. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyojumlisha mipira myembamba karibu 10,000 iliyowekwa bila kuonwa inakokwenda yalikuta karibu 2 kati ya kila 100 iliingia njia ya hewa, na baadhi ikatoboa pafu. Asilimia mbili yaweza kuonekana ndogo. Lakini fikiria wodi inayoweka mipira kila siku, halafu fikiria uji unaomiminwa mapafuni.

Uko wapi sasa hivi?

Swali hili haliulizwi siku ya kwanza tu. Huulizwa kabla ya kila mlo na kila dawa, kwa sababu mpira uliokuwa tumboni asubuhi unaweza kuwa umepanda hadi jioni. Mgonjwa amegeuzwa, ametapika, amevutwa shuka, au mkono wake wenye afya umeukamata usiku.

Anayeuweka hupima kwanza kwa nje: kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi pale mfupa wa kifua unapoishia. Urefu huo ndio unaopaswa kuwa ndani. Mipira mingi imeandikwa sentimita, kwa hiyo inabaki tarakimu moja puani, na tarakimu hiyo inastahili kuandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Ikisomeka 55 asubuhi na 48 jioni, sentimita 7 zimetoka nje, na huenda ncha imeshaondoka tumboni. Usilishe. Usiusukume urudi pia, maana safari ya pili haina uhakika kuliko ya kwanza. Mwite muuguzi.

Tarakimu kukaa palepale ni habari njema nusu. Mpira laini unaweza kujikunja ndani ya kinywa au nyuma ya koo huku puani ukionekana haujasogea. Fungua kinywa, mulika kwa tochi. Ukiona kitanzi nyuma ya ulimi, umeokoa jambo.

Halafu ule mtihani maarufu wa hewa. Mtu anasukuma hewa kwa sirinji, mwingine ameweka kipimo cha kusikilizia juu ya tumbo, ukisikika mlio wanatikisa vichwa: uko ndani. Mtihani huu umefundishwa vizazi kwa vizazi na hauaminiki. Sehemu ya chini ya mapafu imetenganishwa na tumbo kwa msuli mwembamba tu, na mlio wa hewa iliyosukumwa kwenye pafu au kwenye umio, yaani njia ya chakula, husikika tumboni vilevile. Kutumbukiza ncha ya nje kwenye glasi ya maji na kungoja mapovu nako hakuna maana: tumbo lina gesi na litatoa mapovu, wakati mpira ulioegemea ukuta wa njia ya hewa hautatoa. Mwaka 2005 wakala wa usalama wa wagonjwa wa Uingereza uliagiza hospitali ziache mbinu hizi, pamoja na karatasi ya litmasi, ambayo husema kuna asidi bila kusema ni kali kiasi gani.

Kinachokubalika kitandani ni karatasi ya pH, inayoonyesha ukali wa asidi kwa tarakimu: ndogo ndiyo kali zaidi. Muuguzi huvuta mililita chache kwa sirinji taratibu, hudondoshea kwenye karatasi, husubiri rangi itulie, kisha huisogeza kando ya mistari ya rangi iliyochapwa kwenye boksi lake. Uingereza kati ya 1 na 5.5 ni ruhusa ya kulisha. Tumbo ni kali hivyo. Mapafu hayako hivyo. Majimaji yakigoma kutoka, mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, husukumwa hewa kidogo ili ncha ijibandue kwenye ukuta wa tumbo, hungojewa robo hadi nusu saa, kisha huvutwa tena.

Tatizo ni kwamba wagonjwa wa ubongo, hasa waliotoka chumba cha mahututi, mara nyingi wako kwenye omeprazole au dawa nyingine za kupunguza asidi ili wasipate vidonda vya tumbo. Dawa hiyo inayowalinda inaharibu kipimo: tumbo linaweza kusoma 6 au 7 na mpira uko mahali pake. Maziwa yaliyoingia muda mfupi uliopita hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana majibu ya juu ya 5.5 hayasemi kwamba mpira uko mapafuni. Yanasema hatujui, na asiyejua halishi mpaka picha ya eksirei ipigwe.

Eksirei basi ndiyo neno la mwisho? Karibu, lakini picha haijisomi yenyewe. Wakala huohuo wa Uingereza ulipokusanya taarifa kati ya Septemba 2005 na Machi 2010 ulikuta vifo 21 vilivyotokana na kulishia mapafuni, na kosa lililoongoza lilikuwa picha kusomwa vibaya. Msomaji anatakiwa aufuate mpira kutoka juu: unashuka katikati ya kifua, unapita pale njia ya hewa inapogawanyika bila kufuata tawi lolote, unavuka msuli wa kifua na tumbo, kisha ncha inaonekana chini yake upande wa kushoto. Ukipinda kulia au kushoto kabla ya kuvuka, umeingia kwenye pafu. Na picha iwe ya leo, ya mgonjwa huyu, ya mpira huu. Ndugu ana haki ya kuuliza kwa upole tu, "Sista, picha ya huu mpira mpya imeshaonwa na daktari?" Muuguzi mzuri hakasiriki.

Kuna kundi moja ambalo mpira wa puani haupaswi kuwekwa kabisa bila kuona unakopita: walioumia hadi mfupa wa sakafu ya fuvu kuvunjika. Kwa ajali ya pikipiki bila helmeti hilo haliko mbali. Dalili zake ni weusi kuzunguka macho yote mawili, michubuko nyuma ya sikio, au maji mepesi yanayochuruzika puani au masikioni. Kwa watu hao mpira umewahi kupenya kwenye ufa na kuingia ndani ya fuvu. Hupitishwa mdomoni.

Mpira hauzibi njia ya hewa

Tuseme mpira uko mahali pake, umethibitishwa. Mgonjwa bado anaweza kupaliwa, kwa mate yake, au kwa chakula kinachopanda kutoka tumboni. Mpira wenyewe unaacha mlango wa juu wa tumbo wazi kidogo, na ubongo ulioumia hufanya tumbo litoe chakula polepole kuliko kawaida.

Kinga ni za kawaida mno hata watu huzidharau. Kiwiliwili kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha, na kibaki hivyo nusu saa hadi saa nzima baadaye. Kurundika mito chini ya kichwa hakutoshi, huko kunakunja shingo na kubana tumbo; inatakiwa kuinuka kuanzia nyonga. Meno na ulimi visafishwe hata kama mgonjwa hali kwa mdomo, tena hasa kwa sababu hali kwa mdomo: kinywa kisichotafuna hujaa vijidudu, na mate yanayoteleza mapafuni hubeba hao.

Ya kugundua ni kazi nyingine. Kikohozi hakuna, kwa hiyo hesabu pumzi. Tazama kifua kikipanda kwa dakika nzima kwa saa, usikisie kwa sekunde kumi. Mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Kama wako amekuwa na 16 wiki nzima na leo ana 28, jambo limetokea hata kama uso umetulia. Mlio wa majimaji kifuani, kohozi lililobadilika rangi, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachoshuka, jasho wakati wa mlo: simamisha mlo kwanza, uliza baadaye.

Wengi huuliza kuhusu kuvuta masalio ya tumboni kabla ya kila mlo. Zamani ilikuwa sheria. Mwaka 2013 utafiti wa Ufaransa uliowahusu wagonjwa 449 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia ulionyesha kuwa waliolishwa bila kupimwa masalio hawakupata nimonia zaidi ya waliopimwa. Miongozo mingi imelegeza tangu hapo. Kwa mgonjwa mmojammoja, hata hivyo, tumbo lililovimba na kuwa gumu, kutapika na kutopata choo bado ni habari, na mgonjwa aliyeumia ubongo hana namna ya kukwambia ameshiba.

Mwili unavyolalamika

"Hasikii chochote huyo." Kauli hii huumiza, na zaidi ya hapo ni ya kubahatisha. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walichapisha habari ya mwanamke wa miaka 23 ambaye baada ya ajali ya barabarani hakuonyesha dalili yoyote ya utambuzi. Akiwa ndani ya mashine ya picha ya ubongo aliambiwa afikirie anacheza tenisi, na ubongo wake ukafanya kazi kama wa watu wenye afya walioambiwa hivyohivyo. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa nchi kadhaa: kati ya wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kitandani, 60 walionekana kwenye vipimo vya ubongo wakizifuata. Mmoja kati ya wanne. Kudhani mgonjwa haumwi kwa sababu halii ni kamari.

Maumivu yake hutafutwa kwenye uso na misuli. Paji linakunjamana mpira unapoguswa. Anasaga meno. Mkono uliokuwa umelegea unajikunja hadi kifuani, miguu inakakamaa kuliko jana, mapigo ya moyo yanapanda. Hakuna daktari wa mzunguko wa asubuhi atakayeyaona hayo kwa dakika tano. Dada anayemgeuza na kumlisha kila siku huyaona, na akisema "leo hayuko sawa" bila kuweza kueleza zaidi, hiyo ni dalili ya kuandikwa kwenye faili.

Kuna hali inayochanganya watu wote hapa. Baada ya jeraha kali, mfumo wa neva unaoendesha moyo, jasho na joto la mwili unaweza kukosa breki. Mgonjwa anaanza ghafla: jasho linamchuruzika, moyo unakimbia, pumzi zinakwenda mbio, joto linapanda, viungo vinakakamaa. Baada ya muda hutulia, kisha hurudi. Mara nyingi huchochewa na kitu kidogo kama kibofu kilichojaa, choo kilichofunga, mpira uliojikunja au kidonda kinachosuguliwa na plasta puani. Kwetu joto likipanda neno la kwanza ni malaria. Pimeni malaria, sawa, na mapafu yachunguzwe, ila kagueni mpira kutoka puani hadi mwisho kabla ya kuongeza dawa nyingine. Nimeona familia ikibadilishiwa antibayotiki mara kwa mara, kumbe diski ya nje, ile inayoushikilia mpira wa tumboni kwenye ngozi, ilikuwa imebana ngozi mpaka imechubuka chini yake.

Daftari la kawaida la shule linatosha: tarakimu ya mpira, pumzi kwa dakika, kiasi alicholishwa, mkojo, choo, na neno moja kuhusu uso. Thamani yake ni kwamba linaonyesha kawaida ya mgonjwa huyu, ambaye kawaida yake si ya mtu mwingine.

Kinachopita ndani

Hospitali zetu nyingi hulisha kwa uji, maziwa, supu na juisi vinavyoletwa na ndugu. Si vibaya. Uji mzito, wenye chenga za karanga au dagaa waliosagwa, huziba mpira. Basi mtu huuongeza maji mpaka upite. Unapita. Baada ya mwezi mgonjwa amekonda, na kila mtu anasema ni ugonjwa. Kumbe kila sirinji ilikuwa maji yenye rangi ya uji. Hili nalo ni tatizo la mpira, tena ndilo linalochelewa kugunduliwa kuliko yote, kwa sababu mlo ulikuwa "unaingia vizuri". Pima mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe kila wiki, mahali palepale. Uji uchujwe badala ya kuchimuliwa ovyo, uongezwe nguvu kwa mafuta, maziwa na mayai yaliyoiva, na mtaalamu wa lishe ahesabu kiasi.

Kabla na baada ya mlo, na kabla na baada ya kila dawa, sukuma maji safi, kwa mtu mzima kama mililita 30. Mpira ukiziba, maji ya uvuguvugu kwa kusukuma na kuvuta polepole ndiyo dawa ya kwanza. Soda inayosifiwa sana ina asidi, na asidi hugandisha protini ya maziwa palepale ulipotaka kuyeyusha. Waya usiingizwe kamwe.

Akiharisha, watu hulaumu mpira au maziwa. Chunguza kwanza antibayotiki, dawa za maji zenye sorbitoli, na uji uliokaa mezani tangu asubuhi.

Dawa zinastahili tahadhari ya pekee. Kidonge cha kutoa dawa polepole kikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja. Na ipo fenitoini, inayotolewa kwa wagonjwa wengi wa kichwa kuzuia degedege. Ikichanganyika na chakula cha mpira, mwili huifyonza kidogo. Dozi imetolewa kwa wakati, hakuna aliyeruka, na bado mgonjwa anapata degedege wiki ya pili. Ndugu wanaamini ubongo umezidi kuharibika. Wakati mwingine ni ratiba tu: mlo husimamishwa saa moja hadi mbili kabla na baada ya dawa hiyo, na kiwango chake kwenye damu hupimwa. Mwulizeni daktari anayehusika, msijipangie wenyewe.

Shibe inayokuja ghafla

Mgonjwa aliyekaa siku nyingi kwa dripu pekee ana njaa kuliko anavyoonekana. Lita moja ya dextrose ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, chini ya kilokalori 200. Mpira ukifika, huruma ya ndugu humwambia amjaze. Hapo mwili unaanza ghafla kuchoma sukari, unavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuziingiza kwenye seli, na damu inabaki tupu. Moyo unaweza kugonga ovyo, misuli ya kupumua ikachoka, na mgonjwa akazidi kuchanganyikiwa. Kwa aliyekuwa na fahamu mngesikia akilalamika udhaifu, huyu atanyamaza. Kwa hiyo hugunduliwa maabara, kwa kupima madini hayo kabla ya kuanza na katika siku za mwanzo. Mwongozo wa mwaka 2006 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unamweka kwenye hatari kubwa mtu aliyekula kidogo sana au kutokula kwa zaidi ya siku 10, na unashauri aanze na kilokalori 10 tu kwa kilo ya uzito kwa siku, pamoja na vitamini B1, kisha apandishwe polepole.

Jingine la tumboni: majimaji yakivutwa yakawa na chembe nyeusi kama kahawa iliyosagwa, au choo kikawa cheusi na kunata kama lami, ni damu. Uhusiano wa jeraha la ubongo na vidonda vya tumbo ulielezwa na daktari wa upasuaji Harvey Cushing mwaka 1932, na ndiyo sababu ya ile omeprazole.

Mpira wa tumboni

Huu una amani zaidi, lakini siku za mwanzo zina hatari yake. Ndani ya saa 72 baada ya kuwekwa, maumivu wakati wa kulisha, maumivu makali yasiyotulia, damu mbichi, au chakula kuvuja pembeni ni amri ya kusimamisha mlo na kumwita daktari papo hapo. Huenda chakula kinamwagika nje ya tumbo, ndani ya mwili. Kwa asiyesema, "maumivu wakati wa kulisha" ni uso uliokunjamana kila sirinji inaposukumwa.

Baadaye adui ni diski ya ndani kuzama kwenye ukuta wa tumbo kwa sababu ile ya nje imekazwa mno. Kati ya diski ya nje na ngozi pawe na nafasi ndogo, nusu sentimita hadi moja. Kidonda kikishapona, na muuguzi akishawaonyesha namna, mpira husukumwa ndani kidogo na kuzungushwa walau mara moja kwa wiki. Ukikataa kuzunguka wala kuingia, na chakula kinavuja au kinahitaji kusukumwa kwa nguvu, usilazimishe.

Ukichomoka, saa zinahesabika. Tundu huanza kujifunga ndani ya saa chache. Kama haujatimiza wiki nne tangu uwekwe, kurudisha mpira kwa kubahatisha kunaweza kuupeleka nje ya tumbo, hivyo hakuna jaribio la nyumbani. Funika kwa kitambaa safi, beba ule mpira uliotoka ili hospitali ijue saizi, na uende usiku huohuo.

Mdomo unapoanza kurudi

Watu wengi hudhani mpira ukiwekwa ndiyo basi. Baadhi ya wagonjwa hurudi kumeza baada ya wiki au miezi, na mpira huondolewa. Shida huja katikati, siku mgonjwa anafungua macho, anafuata watu kwa kuangalia, na shangazi aliyetoka mbali anamwekea kijiko cha chai mdomoni. Chai inashuka. Hakohoi. Wote wanafurahi.

Kumeza hupimwa, na kwa mgonjwa wa aina hii kuangalia kwa macho hakutoshi, maana anaweza kupaliwa bila ishara yoyote. Penye vifaa hutumika picha ya eksirei inayotembea akiwa anameza, au kamera nyembamba inayopitishwa puani. Pasipo vifaa, mtaalamu aliyefunzwa huanza na maji kidogo sana kwa kijiko, mgonjwa akiwa ameketishwa wima na kipimo cha oksijeni kikiwa kidoleni. Husikiliza sauti kama imekuwa na majimaji, na pumzi huhesabiwa tena baada ya hapo. Mpaka apite hapo, chai ya shangazi ipitie kwenye mpira.